Saturday Night Live, msimu wa 50: wageni wamejaa, wenyeji wamekosa nafasi

Kipindi hiki cha vichekesho cha usiku wa manane cha Wamarekani hufika Zanzibar kikiwa kipindi cha asubuhi. Hurushwa mubashara kutoka studio 8H, New York, saa tano na nusu usiku wa Jumamosi, na kwetu huwa tayari ni Jumapili, saa kumi na mbili na nusu, au saa moja na nusu majira yao ya baridi yanapoingia, wakati watu wanatafuta chai na mbaazi. Hata hivyo, wengi wetu tunakipata YouTube, kichekesho kimoja kimoja cha dakika tano au sita, kadiri bando linavyoruhusu. Nalitaja hilo mapema kwa sababu msimu wa 50 unanufaika sana ukitazamwa vipande vipande, na unachosha ukitazamwa kwa saa moja na nusu mfululizo.

Msimu wenyewe ulianza tarehe 28 Septemba 2024 na kumalizika tarehe 17 Mei 2025. Kwa kuwa kipindi kilianzishwa na Lorne Michaels mwezi wa Oktoba 1975, na yeye ndiye aliyekuwa bado anakiongoza, ilitarajiwa kuwa mwaka huu utakuwa wa kusherehekea. Sherehe hiyo ndiyo iliyouelemea msimu. Ulikuwa pia mwaka wa uchaguzi wa Marekani, na kila kichekesho cha kufungulia kilipohitaji mwanasiasa, alitafutwa mtu wa nje: Maya Rudolph akamwigiza Kamala Harris, mgombea urais, Andy Samberg akawa mume wa Harris, Jim Gaffigan akawa Tim Walz, mgombea mwenza wake, na Dana Carvey akawa Joe Biden. Hodari wote, na Carvey kawapita wenzake, kwa yale macho aliyoyafinya na sentensi zinazoanza kwa kishindo kisha zikapotea njiani. Waliokua na Orijino Komedi ya akina Joti na Masanja wataufahamu mara moja ufundi huo wa kumvaa mtu kwa sauti, mwendo na nguo. Lakini matokeo yake yalikuwa kama shughuli ambayo wageni wamekalia majamvi yote na watoto wa nyumba wanakula wamesimama. Katika waigizaji wa kudumu, waliopata nafasi ya uhakika kwenye ufunguzi walikuwa James Austin Johnson aliyemwigiza Donald Trump, na Bowen Yang aliyemwigiza JD Vance, mgombea mwenza wa Trump.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilitokea tarehe 2 Novemba 2024, siku tatu kabla ya kupiga kura, pale Harris mwenyewe alipoketi mbele ya Rudolph wakijifanya mtu na kioo chake. Watazamaji walishangilia sana, na NBC, kituo kinachorusha kipindi hiki, kililazimika kuipa kampeni ya Trump muda wake hewani ili mizani ilingane. Mimi sikucheka. Kejeli huishi kwa umbali baina ya anayekejeli na anayekejeliwa, na mkubwa akishakaribishwa kuja kucheza mwenyewe, akaambiwa maneno ya kumpa moyo na kupigiwa makofi, kilichobaki ni salamu tu.

Utamu wa msimu huu uko kwingine kabisa, na mfano wake bora ni kichekesho cha Domingo, kilichoonyeshwa tarehe 12 Oktoba 2024 Ariana Grande alipokuwa mgeni wa wiki. Ni karamu ya harusi. Wapambe wa bibi harusi wanasimama kumwimbia bwana harusi, kwa wimbo wa Sabrina Carpenter uliobadilishwa maneno, wakisimulia walivyostarehe na bibi harusi walipomchukua matembezi kabla ya ndoa. Wanaimba vibaya kwa makusudi, sauti zikigongana, huku kila ubeti ukitoboa siri zaidi kuhusu bwana mmoja aitwaye Domingo. Andrew Dismukes, ndiye bwana harusi, hafanyi chochote ila kusikiliza, na uso wake unavyobadilika polepole ndio unaochekesha kuliko wimbo. Mtu aliyekulia Unguja, anayejua namna vijembe vinavyopenyezwa ndani ya taarab ukumbini na aliyelengwa akabaki kutazama chini, hahitaji kufasiriwa kitu hapo. Tofauti ni kwamba wapambe hawa hawajui kama wanampasha mtu, wanadhani wanasifu. Kisha Domingo mwenyewe, yaani Marcello Hernández, anaingia akitabasamu. Kichekesho hicho kilirudiwa hadi kwenye hafla ya miaka 50 mwezi wa Februari 2025, safari hii Carpenter mwenyewe akiwamo, na kila kiliporudi kilipungua ladha.

Wa pili kwa uzito ni Ego Nwodim, mwigizaji mwenye asili ya Nigeria. Mwezi wa Aprili 2025, ndani ya Weekend Update, kile kisehemu cha khabari za mzaha kinachosomwa na Colin Jost na Michael Che, alijitokeza kama mchekeshaji aitwaye Miss Eggy, akawataka watazamaji wamalizie sentensi yake, nao wakaimalizia kwa tusi, mubashara, televisheni ya taifa zima. Mshtuko wake ulikuwa wa kweli, na namna alivyougeuza papo hapo kuwa mzaha wa kutozwa faini haiwezi kuandikwa na mtu wala kusomwa kwenye yale makadi makubwa wanayonyanyuliwa waigizaji. Nwodim aliondoka baada ya msimu huu, na Heidi Gardner, mmoja wa wapambe wa Domingo, naye akaondoka.

Kwa hiyo anayetaka kuutazama aanzie na Domingo, amtafute Miss Eggy, na aziruke funguzi za siasa isipokuwa zile za Carvey. Akiwa na watoto pembeni, avae spika za masikioni, kwani lugha ya kipindi hiki si ya sebuleni kwetu.