Fonti za Andika na Charis: ninazomkabidhi mchapaji bila wasiwasi

Hapa Bukavu napanga vijitabu vya kusomea, vya Kiswahili, Kifaransa na Lingala, na siku hizi sitoki nje ya fonti mbili za SIL, shirika linaloshughulikia lugha: ile iitwayo Andika kwa watoto wanaoanza kusoma, na Charis (zamani Charis SIL) kwa vitabu vya walimu. Zote ni za bure na herufi zake zinapendeza, lakini kilichonishika hasa ni leseni yake.

Kwanza herufi. Chapa neno la Lingala «lɛlɔ́» kwa Andika: alama ya toni inakaa barabara juu ya ɔ, haitelezi pembeni wala haigeuki kisanduku kitupu. Herufi a na g ziko kama mwalimu anavyoziandika ubaoni, na mtoto hawezi kuchanganya l na tarakimu 1.

Fonti niliyotumia zamani ilikuwa nzuri kwenye skrini yangu tu. Ndani ya faili la fonti huwa kuna alama inayoziambia programu kama inaruhusiwa kupachikwa kwenye hati, yaani kusafiri ndani yake; ile ilikuwa imezuiwa. Nikifikisha kazi emprimeri ya mjini, kwa mchapaji, kompyuta yao inaweka fonti nyingine, mistari inaruka, picha inaachana na maneno yake. Mteja hataki kusikia habari za fonti, anataka kitabu chake!

Andika na Charis ziko chini ya leseni ya fonti huria iitwayo OFL (SIL Open Font License), toleo 1.1 la mwaka 2007. Unaruhusiwa kuzitumia, kuzikopi, kuzibadilisha, kuzigawa na kuzipachika. Usiiuze fonti peke yake, na ukiibadilisha usiipe jina ambalo wenyewe wamelihifadhi. Fonti iliyobadilishwa lazima ibaki chini ya leseni ileile, lakini imeandikwa waziwazi kwamba sharti hilo haligusi hati iliyotengenezwa kwa fonti hiyo. Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote: kitabu kinabaki mali ya aliyekitunga. Fonti huria nyingine ziko chini ya GPL, leseni ya programu huria ambayo masharti yake yanaweza kuigusa hata hati iliyopachikwa fonti. Hizo naziangalia kwanza kama zimeongezewa ruhusa maalumu kuhusu hati, la sivyo naziacha.

Kasoro ipo. Kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia hati, ukiingia sifa za faili na kuweka alama ya kupachika fonti, hati inakuwa nzito, maana fonti hizi zimebeba herufi za lugha nyingi sana. Kwa bei ya megabaiti tunayoijua huku, kuituma kwa simu kunauma. PDF ni nyepesi kwa sababu inaweza kubeba zile herufi zilizotumika tu, basi hiyo ndiyo naituma kwa mteja aisome. Mchapaji nampelekea flashi: hati yenyewe, mafaili ya fonti, na OFL.txt kando yake, kwa kuwa leseni inataka iandamane na kila nakala ya fonti.