Kutunza namba kwenye simu ya mezani isiyo na waya: uzoefu wangu

Simu ninayotumia nyumbani ina mikono miwili, yaani vipande viwili vya kushika na kuongelea. Mmoja unakaa sebuleni juu ya kitako kilichochomekwa kwenye laini, wa pili uko chumbani kwa mama kwenye chaja yake. Sauti ni safi, inasikika hadi uani, na chaji inatosha. Hayo sina shida nayo. Ila wewe unayetaka kununua simu ya aina hii, kabla hujatoa hela uliza swali moja: majina na namba zinakaa wapi?

Ziko simu zinazotunza orodha ndani ya kitako, kwa hiyo mikono yote inasoma orodha ileile. Ukisevu jina sebuleni, aliye chumbani analiona hapohapo. Nyingine hutunza majina ndani ya kila mkono peke yake, na yangu ni ya aina hiyo. Daktari wa mama akibadilisha namba, nikiirekebisha sebuleni mama bado anabaki na ya zamani, mpaka nimtumie. Kutuma kwenyewe si kazi: unaingia kwenye orodha, unafungua menyu, unachagua kunakili jina moja au yote, unataja mkono wa pili, basi. Tatizo ni kwamba simu hii haifuti la zamani. Ukinakili yote, majina yanajirudia, na mtu mzima akiona "Daktari" mara mbili atajuaje apige ipi? Siku hizi natuma moja moja, kisha naenda chumbani kufuta la zamani mwenyewe.

Kuandika majina kunataka subira. Kila kitufe kimebeba herufi tatu au nne: 2 ni ABC, 7 ni PQRS. "Mama" ni rahisi, unabonyeza 6, 2, 6, 2. "Fundi bomba" ndiyo kazi. Ukifika kwenye "bomba", o na m zote ziko kwenye 6, kwa hiyo baada ya o lazima usubiri kialama, kile kistari cha kuandikia, kisogee ndipo ubonyeze tena, la sivyo herufi inabadilika mbele ya macho yako. Halafu nafasi ya jina ni finyu, herufi kumi na kitu tu, kwa hiyo anza na neno linalomtambulisha mtu. Ukiandika "Baba mdogo wa..." jina lenyewe, lile unalolihitaji, ndilo linalokatwa.

Njia ninayoipenda zaidi ni kusevu kutoka kwenye orodha ya simu zilizoingia. Hii inataka laini yako iwe na huduma ya kuonyesha namba ya mpigaji. Mtu akishapiga, unaifungua namba yake, unachagua kuhifadhi, unaandika jina tu. Tarakimu hukosei hata moja. Na ipo faida nyingine ambayo wengi hawaijui: jina hutokea kwenye kioo pale tu namba uliyohifadhi inapolingana na inayoletwa na mtandao. Namba ya dada yangu ilikuwa imehifadhiwa kwa kuanza na 00 na namba ya nchi, lakini akipiga inaingia ikianza na 0. Simu ikawa inaonyesha tarakimu tupu, na mama hapokei namba asizozijua. Tulipoihifadhi kutoka kwenye simu yake iliyoingia, jina likaanza kutokea.

Kwa mama nimeweka pia namba za haraka. Akishikilia 2 inanipigia mimi, 3 inampigia dada. Kitufe cha 1 nimekiacha, kwenye simu nyingi ni cha ujumbe wa sauti. Hahitaji kupekua orodha wala kuvaa miwani, na kwa hili simu hii naisifu bila kusita.

Betri zikiisha au ukizibadilisha, majina hayapotei; nimebadilisha na nikayakuta yote. Lakini mkono ukianguka ukafa, unakufa na majina yake, na simu yangu haina njia ya kuyahamishia kwenye kompyuta. Zipo zinazoweza kuvuta majina kutoka simu ya mkononi kwa bluetooth, hii haimo. Kwa hiyo namba zote muhimu nimeziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani karibu na kitako. Tena umeme ukikatika kitako kinazimika na mikono yote inakuwa bubu hata kama imejaa chaji, kwa hiyo karatasi hiyo inasaidia pia anayepiga kwa simu ya mkononi.

Kwa anayeishi peke yake na mkono mmoja, inunue tu, itamtosha. Kwa nyumba yenye mikono miwili au zaidi, hasa yenye wazee, tafuta yenye orodha moja ndani ya kitako, hata kama bei imepanda kidogo.