Uzoefu wangu: boti ya kukodi delta ya Rufiji, tulitoka Dodoma watu sita

Naandika kwa ajili ya watu wa huku kwetu, maana tulikuwa sita wote wa Dodoma, maji makubwa tuliyoyazoea ni Mtera na bwawa la Hombolo, na maji ya hapo ukiyaacha asubuhi jioni unayakuta palepale. Rufiji sivyo kabisa.

Safari ya kufika haina shida, SGR mpaka Dar, tukalala Mbagala, asubuhi gari za Rangi Tatu, unapita Mkuranga, unachepuka Bungu mpaka Nyamisati ambapo ndo kuna gati la kwenda Mafia. Boti tulibuki kwa simu kupitia dalali wa Dar, laki tatu na nusu kwa siku, mafuta na nahodha ndani yake, nusu tukatuma advansi. Tarehe tulichagua wenyewe, wikendi ya mwezi mpevu, tulitaka kuona mbalamwezi juu ya mikoko. Nikamuuliza huyo dalali mara mbili tuondoke saa ngapi, akasema saa yoyote mkifika boti ipo. Sikuridhika lakini nikaacha, na hapo ndo ninapomlaumu, mtu anayeuza safari ya maji ya kujaa na kupwa hawezi kumjibu mteja "saa yoyote".

Kwa sababu mwezi mpevu ni bamvua, sawa na mwezi ukiandama. Maji yanajaa sana na yanatoka sana, ukanda wetu huu tofauti ya juu na chini inapita mita tatu, na siku za bamvua yanajaa kwenye saa kumi alfajiri, yanamaliza kutoka kati ya saa nne na saa tano asubuhi, halafu yanajaa tena jioni. Sisi tumefika gatini saa tatu kasorobo. Mzee nahodha alitusalimia vizuri, akaangalia maji, akasema wanangu mmechelewa, njia kubwa tutapita lakini vile vijito vya kuunganisha mto na mto hatutoboi, bora tusubiri mchana. Tukamwambia tumelipia siku nzima, dalali kasema. Akakubali kwa heshima tu, naona hivyo sasa.

Saa tatu na nusu boti ikapanda fungu, yaani ikakwama kwenye tuta la tope, katikati ya kijito. Mzee akazima mashine, akashusha pondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, likazama kwenye tope kama mkono mzima, akalichomoa na kutuonyesha: maji yamelowesha kiganja tu, chini yake tope tupu. Tulikaa hapo kama masaa mawili na nusu. Jua kali, mbu wapo, na nilikuwa na hasira kwa kweli, lakini nitasema ukweli, hapo ndo niliiona delta. Mashina ya mikoko yote yana mstari wa tope kavu, umenyooka kama fundi kaupiga kwa kamba, na upo juu ya kichwa changu, maana yake alfajiri ile pale nilipokaa palikuwa na maji ya kunizamisha. Mchu, aina mojawapo ya mkoko, unatoa mizizi ya kupumulia inachomoza kwenye tope kama penseli elfu moja, kaa wadogo wenye gando moja kubwa wanapunga, na kuna visamaki vinatembea topeni kabisa kwa mapezi.

Mzee akatuuliza kwetu wapi, tukasema Dodoma, akasema basi maji haya mengine yametoka kwenu. Na ni kweli, mto Kizigo unaingia Mtera, Ruaha Mkuu unashuka kutoka hapo mpaka Rufiji. Akatusimulia pia ile manowari ya Mjerumani, Königsberg, ilivyojificha humuhumu mwaka 1914, meli kubwa za Waingereza zikashindwa kuingia kwa sababu ya kina, mpaka zikaletwa mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, ndo ikamalizwa tarehe 11 Julai 1915. Nikiwa nimekwama topeni nilielewa kila neno.

Karibu saa sita maji yakarudi kimyakimya, boti ikainuka yenyewe.

Kuhusu huduma sasa. Nahodha nampa tano kwa tano, njia zote kichwani. Boti faiba nzima, mashine haikusumbua, laifu jaketi zilitosha ila mbili mikanda imekatika, hilo warekebishe kabla ya mteja mwingine. Choo hakuna, mtandao unakatika ukishaingia ndani, bebeni maji ya kunywa ya kutosha. Dalali simpi kitu, nilivyompigia kulalamika akasema bahari ndo ilivyo.

Kama unapanga, usianze na likizo yako, anza na mwezi. Mpigie nahodha mwenyewe, muulize maji yanajaa saa ngapi siku hiyo, na jua kila siku yanachelewa zaidi kama dakika 50. Kwa safari ya kutwa mzee anapenda siku za maji mafu, yaani yasiyojaa wala kutoka sana, siku ya nane au tisa hivi tangu mwezi uandame, yanajaa kwenye saa nne asubuhi, kwa hiyo unaingia vijitoni na maji ya kutosha. Angalieni na utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa), kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likichafuka usitoke mdomoni kwenda bahari wazi.

Sisi tunarudi Oktoba, tarehe kachagua mzee.