xrandr: programu ndogo iliyoiponya skrini yangu
Kompyuta yangu ya mezani inayotumia Linux ilipogoma kuonyesha zaidi ya pikseli 1024 kwa 768, herufi zikawa nene na zenye ukungu kwenye skrini yenye uwezo wa 1920 kwa 1080, niligeukia xrandr, programu huria ya kupanga ukubwa wa picha kwenye skrini, inayoendeshwa kwa kuandika amri. Amri ya cvt ilinikokotolea vipimo vya ukubwa niliotaka, nikavisajili kwa --newmode, nikaviambatisha na VGA, tundu la kuchomeka kebo ya skrini, kwa --addmode, na nilipovichagua kwa --mode skrini ikazimika kidogo, kisha herufi zikatulia, zikisomeka bila kukodoa macho. Kasoro yake ni kwamba mabadiliko hupotea kompyuta inapozimwa, hivyo ilinibidi niziandike amri hizo kwenye ~/.xprofile, faili ya amri zinazotekelezwa mtumiaji anapoingia. Anayetumia Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha picha kwenye Linux, asihangaike na xrandr, kwa kuwa huko haibadilishi ukubwa halisi wa skrini. Kebo ya skrini, kwa kweli, ningeikagua kwanza kabla ya yote hayo, maana huenda tatizo likawa hapo.