Uzoefu wangu na mchezo wa mezani wa majahazi na majini: kalenda nzuri, dadu zisizolingana nayo

Mchezo ninaoutathmini hapa ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, uliotungwa na kijana mmoja wa Tanga kwa ajili ya marafiki zake, ambaye ameniruhusu nitoe maoni yangu wakati kitabu chenyewe kingali rasimu. Nakala niliyoitumia ina kanuni, ramani ya visiwa vya kubuni, orodha ya majini na mazimwi, na karatasi za wahusika za kutolea fotokopi. Nilikuwa msimulizi, yaani anayeiongoza hadithi na kuwaigiza maadui, mbele ya wachezaji wanne, wawili kati yao wakiwa wazoefu wa Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 1974 ambao ndio chimbuko la michezo ya aina hii, na wawili wakiwa hawajawahi kuketi kwenye meza ya namna hiyo. Mchanganyiko huo ulinisaidia sana katika tathmini, kwa sababu mzoefu huziba mapengo ya kanuni kwa mazoea yake bila kujua, ilhali mgeni hukwama palepale kitabu kinapokwama.

Jambo bora kuliko yote katika mchezo huu ni kalenda yake. Visiwa ni vya kubuni na baadhi ya wakazi wake si binadamu, lakini upepo ni ule ule anaoujua kila mvuvi wa pwani yetu: kaskazi inayosukuma vyombo kuelekea kusini kuanzia Desemba hadi Machi, masika yenye mvua na bahari iliyochafuka, kusi inayovirudisha vyombo kaskazini, kisha demani yenye upepo mwanana kabla ya kaskazi kuvuma tena. Mtunzi ameugawa mwaka katika wiki, na kila jambo kubwa linalofanywa bandarini, liwe kutibu majeraha, kukarabati chombo, kujifunza uganga au kusuluhisha ugomvi, linagharimu wiki moja au zaidi. Kusafiri na upepo hakuhitaji dadu hata kidogo. Kusafiri kinyume chake kunawezekana, lakini safari huchukua muda mara tatu na chombo huharibika. Masika yakiingia, majahazi makubwa hayang'oi nanga, na popote kundi lilipo ndipo litakapongojea.

Kanuni hiyo inachukua ukurasa mmoja tu, nayo inabeba hadithi nzima. Wachezaji wangu walifika katika mji ambao mganga wake alikuwa ameibiwa kitabu cha ramli. Walijua kwamba mwizi amekimbilia bara, na walijua pia kwamba kaskazi imebakiza wiki mbili. Sikuhitaji kuwatishia kwa jeshi wala kwa tetemeko la ardhi. Walibishana wenyewe kwa muda mrefu, mmoja akitetea ahadi waliyompa mganga, mwingine akitetea shehena itakayooza ghalani, na uamuzi walioufikia ulikuwa wao kwa kila hali. Katika michezo mingi niliyowahi kuiendesha, muda hauna thamani mpaka msimulizi aulazimishe. Hapa muda una thamani kwa sababu kila mtu mezani anaiona kalenda ikipungua.

Hirizi nazo zimebuniwa kwa akili. Hirizi haihitaji dadu na haiishiwi nguvu, bali kila moja ina mwiko wake, na mwenye kuuvunja mwiko huikosa nguvu hiyo mpaka atakaswe na aliyemtengenezea. Mhusika mwenye hirizi ya kutoonekana gizani alikatazwa kuitikia anapoitwa kwa jina lake, na mchezaji wake, ambaye alikuwa mgeni kabisa wa michezo hii, alikuwa makini kuliko wote kila watu walipozungumza. Tatizo ni kwamba miko haina uzito sawa. Kukatazwa kukanyaga maji ya chumvi katika mchezo wa baharini ni adhabu isiyobebeka, na kukatazwa kula nyama ya kanga si adhabu kwa sababu hakuna kanga katika visiwa hivyo. Ningemshauri mtunzi aiondoe miko isiyoweza kujitokeza katika safari ya kawaida, na ile mizito aitenge kwa hirizi zenye nguvu kubwa zaidi.

Sasa nije kwenye dadu, ambako mchezo unaanza kujipinga wenyewe. Mtunzi amechukua mfumo wa dadu moja ya pande 20: unairusha, unaongeza alama ya ujuzi wako, na ukifika 12 umefaulu. Katika dadu ya namna hiyo kila pande ina nafasi ya asilimia 5, kwa hiyo mtu asiye na ujuzi wowote hufaulu kwa asilimia 45, na nahodha mkongwe mwenye alama 4, ambayo ndiyo kikomo cha kitabu, hufaulu kwa asilimia 65. Maana yake ni kwamba aliyezaliwa juu ya jahazi hushindwa kupita kwenye mwamba zaidi ya mara moja katika kila majaribio matatu. Wachezaji waliliona hilo bila kupiga hesabu yoyote. Yule aliyemwigiza nahodha alisikitika, na alikuwa na haki, kwa sababu kitabu kilikuwa kimemweleza kwamba bahari inamjua.

Dadu mbili za pande sita zingeutatua udhaifu huu bila kubadilisha kitu kingine, kwa kuwa jumla zake hujikusanya katikati, 7 ikijitokeza kwa njia 6 kati ya 36 ilhali 2 na 12 hujitokeza kwa njia moja moja tu. Kiwango cha kufaulu kikiwekwa 8, asiye na ujuzi hufaulu kwa takriban asilimia 42, na nahodha mwenye alama zilezile 4 hufaulu kwa takriban asilimia 92. Ujuzi unakuwa na maana, na bahati inabaki na nafasi yake. Zaidi ya hayo, dadu ya pande 20 ni vigumu kuipata katika maduka yetu, lakini dadu za Ludo zinauzwa karibu kila mtaa, na mchezo uliotungwa ili vijana wa pwani waucheze haupaswi kumzuia mtu kwa sababu ya kifaa.

Mapigano yana kasoro kubwa zaidi. Zimwi la mwambani lina pointi 60 za uhai, ambazo zikiisha linakufa, na silaha nyingi hupunguza pointi kwa dadu moja ya pande sita, yaani wastani wa 3.5. Wachezaji wanne wakilipata nusu ya mara wanazoshambulia, wanalipunguzia pointi 7 kwa raundi, na pambano linahitaji karibu raundi tisa, kila moja ikiwa na zamu tano, nne za wachezaji na moja ya zimwi. Pambano letu lilikula sehemu kubwa ya kikao, na baada ya raundi ya nne hakuna aliyekuwa akibuni jambo jipya. Watu walirusha dadu na kutaja namba. Toleo la msingi la Dungeons & Dragons la mwaka 1981 lilikuwa na kipimo cha ujasiri wa maadui, kilichopimwa kwa dadu mbili wa kwanza wao alipouawa na tena nusu yao walipoangushwa, hivyo wengi walikimbia au kusalimu amri kabla ya kumalizwa. Mchezo huu tayari una alama iitwayo Heshima, ambayo kwa sasa hutumika tu kupunguziwa bei sokoni. Nashawishika kabisa kwamba mahali pake halisi ni hapo, katika kumfanya adui akubali kuzungumza, kwa kuwa zimwi linaloomba amani na kudai fidia lina hadithi ndefu kuliko zimwi lililokufa.

Karatasi ya mhusika inasomeka vizuri, ingawa nafasi ya kuandika mwiko ni ndogo mno. Maelezo ya uchawi yamenakiliwa neno kwa neno kutoka katika kanuni za msingi za Dungeons & Dragons zilizowekwa mwezi Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons, inayowaruhusu wengine kuitumia kazi hiyo bure; hilo linaruhusiwa, lakini leseni hiyo inadai chanzo kitajwe, na rasimu haijakitaja popote.

Anayetaka kuujaribu mchezo huu kwa sasa ajue kwamba haumpi msimulizi safari ya kuanzia. Mimi nilitunga ya kwangu: jahazi la boriti za mikoko linalongojea kusi, mwenye shehena aliyevaa hirizi asiyoitaja mwiko wake, na deni bandarini linalodaiwa kabla masika hayajaanza. Tulicheza vikao kadhaa juu ya mambo hayo matatu peke yake, na nimemtumia mtunzi kurasa zangu ili azitumie apendavyo katika rasimu ijayo.