Jioni ya wapenda sayansi: walimnyang'anya mjomba wangu kipaza sauti

Niseme mapema kwamba naandika nikiwa na hasira. Imepita miezi kadhaa sasa, lakini nikikumbuka kile kicheko kilichotoka safu za mbele, damu inanichemka upya. Anayetaka kujua ukumbi uko wapi, wanaanza saa ngapi na unajiandikishaje, atawauliza waandaaji. Mimi nasimulia yaliyotukuta.

Kwa asiyeijua mikutano hii, ni ya jioni, ya watu wanaopenda sayansi na wasiomeza jambo mpaka waonyeshwe ushahidi. Mtaalamu anakuja, anazungumza, watu wanapumzika kidogo, kisha maswali. Ina wazee wake. Mwaka 1998 huko Leeds, Uingereza, mtengenezaji wa vipindi vya televisheni aitwaye Duncan Dallas alianzisha Café Scientifique, akifuata mfano wa mikutano ya falsafa iliyokuwa ikifanyika katika mikahawa ya Ufaransa. Mwaka uliofuata, London, mwanafalsafa kutoka Australia, Scott Campbell, akaanzisha Skeptics in the Pub. Siitaji historia hiyo kwa kujionyesha. Naitaja kwa sababu wale watu waliitoa sayansi kwenye kumbi za vyuo na kuipeleka mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuketi, akanyoosha mkono na kumuuliza mtaalamu ana kwa ana. Ukiondoa maswali, kilichobaki ni hotuba, na hotuba naweza kuisikiliza nyumbani.

Na ili nisiwaonee, nianze na usiku ulionifanya niwe mtu wa kuhudhuria kila mwezi.

Usiku ule mtoa mada, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alitugawia kila mmoja kipande cha uzi na nati ya chuma. Akatuambia tufunge nati kwenye uzi, tuegemeze kiwiko mezani, tuiache ining'inie kama timazi ya fundi juu ya karatasi yenye duara. "Msiusogeze mkono," alisema. "Fikirini tu kwamba inazunguka." Nikaikazia macho ile nati. Kwanza ikatetemeka. Kisha ikaanza kuyumba, na baada ya muda mfupi ilikuwa inazunguka duara zima, taratibu, kama kuna mtu anaikoroga. Sikuwa nimeusogeza mkono. Ningeweza kuapa popote. Jirani yangu naye kakodoa macho, yake inazunguka upande wa pili.

Halafu akatuambia tufumbe macho, wenzetu watuangalizie. Nilipofumbua, nati yangu ilikuwa imekaribia kusimama.

Hapo ndipo akatueleza kuhusu Chevreul, mkemia Mfaransa aliyeandika juu ya jambo hilihili mwaka 1833 baada ya kujijaribu mwenyewe, akaona kwamba akifungwa macho, mwendo unakufa. Akaja kwa Michael Faraday, mwanasayansi Mwingereza, ambaye mwaka 1853 alichunguza zile meza ambazo watu waliziwekea mikono zikazunguka, ikasemekana zinazungushwa na mizimu. Faraday hakuanza kwa kuwaita watu waongo. Aliwachukua watu aliowaamini, akawawekea mezani tabaka za kadibodi zilizogandishwa kwa gundi laini, wakaweka mikono yao juu. Kama meza ndiyo inayoanza kwenda, tabaka la chini litatangulia. Lililotangulia lilikuwa la juu, lile la kwenye viganja. Mikono ndiyo iliyokuwa ikisukuma meza, na wenye mikono hawakujua. Alipowawekea kijiti cha kuwaonyesha pale mikono yao inapoanza kusukuma, meza ikatulia.

"Hakuna aliyewadanganya," yule mama alitwambia. "Mikono yenu imefanya kazi bila kuwapa taarifa." Nilirudi nyumbani na ile nati mfukoni. Ninayo mpaka leo, iko kwenye droo pamoja na funguo.

Sasa mnaelewa kwa nini nilimleta mjomba.

Mjomba wangu ametafuta maji kwa kijiti tangu ujana wake. Kijiti cha panda, kama cha manati, anakishika pande mbili viganja vikitazama juu, anatembea polepole, na kijiti kikiinama anasema "chimbeni hapa". Watu wamechimba na maji yametoka. Si tapeli. Hajawahi kutajirika kwa kazi hiyo, na ukimuuliza inakuwaje, anakwambia wazi kwamba hajui. Nilipoona mkutano ujao unahusu kutafuta maji kwa kijiti, na msemaji ni yuleyule mama, nikampigia simu siku hiyohiyo. Alifurahi kama mtoto. Alikuja na shati lililopigwa pasi na karatasi iliyokunjwa, ameandika swali lake humo ili asibabaike mbele za watu.

Mada yenyewe ilikuwa nzuri mno, na hilo ndilo linaloniuma. Mama alisimulia jaribio lililofanyika mjini Kassel, Ujerumani, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bomba la plastiki lilifukiwa kama sentimita 50 ardhini, na maji yaliweza kufunguliwa au kufungwa. Watafutaji wapatao 30 walitakiwa kusema kama maji yanapita au hayapiti. Kabla ya kuanza walielezwa masharti yote, wakakubali kwamba ni ya haki. Matokeo yao hayakupita ya kubahatisha. Nilimtupia mjomba jicho. Alikuwa ameinama mbele, mikono kwenye magoti, anasikiliza kwa mwili mzima.

Yakafika maswali. Mwongozaji wa usiku ule, kijana mmoja mwenye haraka nyingi, akampa mjomba kipaza sauti. Mjomba akasimama, akafungua karatasi yake, akaanza: "Hamjambo nyote. Mimi nimetafuta maji kwa kijiti kwa miaka mingi, na visima vyangu..."

Hakumaliza. Yule kijana alikishika kipaza sauti kikiwa bado mkononi mwa mjomba, akakivuta. "Mzee, hadithi za zamani tumeshazisikia sana. Kuna mwenye swali la kisayansi?"

Safu za mbele zikacheka.

Mkono wa mjomba ulibaki hewani kidogo, umejikunja kana kwamba bado umeshika kitu. Kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa shati, akaketi. Hakunitazama. Nami niliyemleta, niliyemwambia "pale wanapenda maswali", nilikaa kimya kama jiwe. Hilo sijajisamehe.

Mnajua kipaza sauti kilikwenda kwa nani? Kwa bwana mmoja aliyezungumza mpaka watu wakaanza kutazama saa, akieleza jinsi watu wa kawaida walivyo wajinga na wanavyoamini chochote. Hakuuliza swali lolote. Hakuna aliyemkatiza.

Hiyo ndiyo sayansi? Kijana yuleyule, miezi michache nyuma, alisimama palepale akamsifu Emily Rosa mpaka tukapiga makofi. Yule mtoto wa Kimarekani alikuwa na miaka 9 alipotaka kujua kama watu wanaodai kutibu kwa kupitisha viganja juu ya mwili wanauhisi kweli huo mwili. Akaweka ubao wenye matundu mawili, mtabibu anapitisha mikono bila kuona upande wa pili, yeye anarusha sarafu kuamua mkono wake auweke karibu na upi wa mtabibu. Watabibu 21, majaribio 280, wakapatia 123 tu, yaani chini ya nusu. Mwaka 1998 matokeo yalichapishwa katika jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Tuliambiwa uzuri wa kisa kile ni kwamba swali halichagui muulizaji. Sasa mtoto wa Marekani hatukumbagua, ila mzee aliyesimama mbele yetu tukambagua? Na wale wa Kassel walioandaa jaribio, waliowaalika watafuta maji, wakakubaliana nao masharti kwanza, wao walikuwa wanasayansi wa aina gani?

Nilipofika hapa katika kuandika, nilikuwa nimeshaamua kusema: msiende. Msipoteze jioni zenu. Kundi linalojisifu kwa kutilia shaka kila kitu, lisiloweza kutilia shaka dharau yake lenyewe, halina la kumfundisha mtu.

Lakini haki ya mtu haipotei. Tulikuwa tumeshafika mlangoni, mjomba anatafuta kofia yake, nikasikia viatu vinakuja mbio nyuma yetu. Alikuwa yule mama mtoa mada. "Shikamoo mzee," alisema, anahema. "Samahani sana. Ile karatasi yako, naomba niisome."

Mjomba akasita, kisha akaitoa. Mama akaisoma chini ya taa ya mlangoni. Nami ndipo nilipoliona swali: *Kama si kijiti, kwa nini visima vyangu vilitoa maji?*

Sijasikia swali bora zaidi katika miezi yote niliyohudhuria. Na yule mama alilipokea hivyo. Hakumpa mhadhara. Alimuuliza: "Mzee, umewahi kuchimba pale kijiti kilipokataa?"

Mjomba akafikiri. Alifikiri muda mrefu, watu wanatupita wakitoka. Mwishowe akasema, "Hapana. Nani agharimie kuchimba pale?"

Basi mama akamweleza kwamba chini ya ardhi maji mara nyingi hayapiti kwenye mishipa myembamba kama watu wanavyodhani. Yanajaza nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga na nyufa za miamba, na yanatandaa eneo kubwa. Katika sehemu nyingi, ukichimba vya kutosha, utayakuta hapa na utayakuta pale. Kwa hiyo kisima chenye maji peke yake hakisemi kama kijiti kilijua. Kinachosema ni kisima ambacho hakijachimbwa. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa polepole, si kwa kukataa, kwa namna ya mtu anayepima mzigo kabla ya kuubeba.

Dakika kumi za mlangoni ziliizidi saa nzima ya ukumbini. Na zingeweza kuwa za ukumbi mzima! Watu wote wale walioketi mle wangelisikia swali lile na jibu lile. Walinyimwa na kijana aliyeona mvi na kijiti, akadhani anamjua mtu. Niliwaandikia waandaaji barua ndefu. Walijibu "Tumepokea, asante." Basi.

Siku chache baadaye mjomba alikuja kwangu na kijiti chake. Tukachukua ndoo yenye mfuniko. Binti yangu anarusha sarafu: kichwa, anaijaza maji; mwenge, anaiacha tupu. Anafunika, anaandika, anatokea mlango wa nyuma, ndipo mjomba anaingia. "Kwa nini atoke?" aliuliza. Nikamsimulia habari za Hans, farasi wa Berlin aliyesifiwa kwa kujua hesabu, mpaka mwanasaikolojia Oskar Pfungst alipoonyesha mwaka 1907 kwamba farasi alikuwa anausoma mwili wa muulizaji, vitikisiko vidogo ambavyo muulizaji mwenyewe hakuvijua. Mjomba akacheka sana. "Basi atoke, huyu nitamsoma usoni."

Tulianza na ndoo aliyojua imejaa. Kijiti kiliinama vizuri, mpaka misuli ya mikono yake ikasimama. Akasema jaribio ni la haki. Tukaenda mara 20. Akapatia mara 9.

Alikaa kwenye kiti akiitazama ile orodha ya binti yangu, kidole kinateremka mstari kwa mstari. Nilitaka kusema neno la kumfariji, nikalimeza. Baadaye akauliza, "Mara 20 zinatosha?" Nikamwambia zikiwa nyingi ni bora. Akasema basi wiki ijayo tufanye 100, na ndoo ziwe mbili. Kisha akataka kujua yule mama atazungumza tena lini, kwa sababu ana swali la pili.

Nikamwambia mimi pale sirudi, baada ya walivyomtendea.

"Basi nielekeze njia," alisema. "Nitakwenda mwenyewe."

Nimeandikisha majina mawili. Safari hii tutakaa safu ya mbele, na kipaza sauti nitakishika mimi mpaka mjomba amalize.