Sanduku la Sgt. Pepper la 2017: kuusikia wimbo ukijengwa

Toleo hili kubwa la Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band, lililotolewa mwaka 2017 albamu hiyo ya Beatles, bendi ya Uingereza, ilipotimiza miaka 50, lina sahani 6 na kitabu kinene cha picha, ila kilichonifanya nilitamani ni sahani 2 tu, zile zenye majaribio ya studio. Humo unasikia nyimbo za roki zikijengwa kipande kwa kipande katika studio za EMI, London, kwa mashine za kanda zenye njia 4 pekee za kurekodia sauti kando kando. Kwa sisi wa Mombasa tuliolelewa na kanda za taarabu, ambamo mwimbaji, udi na fidla husikika kana kwamba wameketi chumba kimoja, ufundi huu ni wa namna nyingine kabisa.

Wimbo wa Strawberry Fields Forever, ambao hata haukuingia kwenye albamu yenyewe, umewekwa hapa katika hatua zake kadhaa. Jaribio la 7 ni la upole. La 26 lina sello (fidla kubwa za sauti nzito) na tarumbeta, lina kasi zaidi na sauti zake ni za juu zaidi. John Lennon wa Beatles alipenda mwanzo wa lile na mwisho wa hili, akataka yaunganishwe. Mtayarishaji George Martin na fundi wake Geoff Emerick wakalipunguza kasi lile la pili, sauti yake ikashuka pamoja na kasi, wakaziunga kanda hizo baada ya dakika moja hivi ya wimbo. Ukishayasikia majaribio yote mawili yakiwa peke yake, kiungo hicho hakitakupita tena.

Lakini hazina yenyewe ni A Day in the Life. Katika jaribio la kwanza, la Januari 1967, katikati ya wimbo pameachwa nafasi ya vipimo 24 vya mapigo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameamua kitakachowekwa hapo. Msaidizi wao Mal Evans anavihesabu kwa sauti, kisha saa ya kengele inalia kuonyesha kwamba nafasi imekwisha. Februari ikaletwa okestra ya watu 40, nayo ikarekodiwa mara kadhaa, safu juu ya safu, hadi pengo lile likajaa. Mwisho wa wimbo nao ulijaribiwa kwanza kwa watu kuvumisha sauti midomo ikiwa imefumbwa, na majaribio hayo yamo. Ni mazuri kiasi, ila hayana uzito, na unaelewa mara moja kwa nini yaliachwa na badala yake pakapigwa kodi moja nzito (yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa mara moja) kwa piano kadhaa kwa pamoja. Kodi hiyo inadumu zaidi ya sekunde 40, kwa kuwa mafundi waliendelea kupandisha sauti ya maikrofoni kadiri ilivyokuwa ikififia, hata kiti kinasikika kikilia. Nakushauri uisikilize usiku kwa hedifoni nzuri, na uvumilie joto la Mombasa kwa muda huo, maana feni ikiwa imewashwa kiti hicho hutakisikia.

Uchanganyaji mpya wa sauti uliofanywa na Giles Martin, mwanawe George, umezipa ngoma na besi nguvu ambayo stereo ya 1967 haikuwa nayo, nami nimeupenda. DVD na Blu-ray zimebeba mambo yale yale, kwa hiyo mnunuzi analipia sahani moja asiyoihitaji, na kwa aliye Mombasa kuna pia gharama ya usafiri na ushuru wa kuagiza kutoka nje.

Kwa wengi ningependekeza toleo dogo la sahani 2: lina jaribio la 7 na la 26, na lina jaribio la kwanza la A Day in the Life pamoja na ule mwisho wa kuvumisha. Utakachokosa ni okestra ikisikika peke yake bila bendi, na kwa anayetaka kujifunza kazi ya kurekodi, hicho pekee kinatosha kumfanya adunduize fedha za sanduku zima.